Kupiga lipu ya chokaa kwenye nyumba ya mawe ya urithi: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kisa ni kile kile karibu kila familia yenye nyumba Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ndugu wamechanga, fundi ameletwa, ukuta umepigwa lipu ya saruji na kupakwa rangi ya mafuta, ukapendeza. Masika ya pili hayajaisha, lipu imevimba kuanzia chini, rangi inabanduka vipande vipande na chumvi nyeupe imechipuka ukutani. Wanachanga tena, wanarudia yale yale.

Sisi tulirudia mara mbili katika nyumba aliyotuachia bibi yetu, mtaa wa Kiponda. Mara ya tatu tulitumia chokaa, na ukuta umetulia. Namna tulivyofanya naiandika hapa ili usizipoteze pesa tulizozipoteza sisi. Habari za nani aliijenga na nani aliirithi nitaziacha, maana hapa tunazungumza kazi tu.

La kulijua kabla ya yote ni hili: ukuta wako ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na udongo mwekundu uliochanganywa na chokaa, unene nusu mita au zaidi, na chini hakuna kizuizi cha maji. Ukuta unavuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa kama mtu anavyotoa jasho. Lipu ya chokaa inaliacha jasho litoke. Saruji inaliziba. Maji yakikosa njia yanapanda juu zaidi, yanakaa ndani, yanaulainisha udongo ulioshika mawe na kuozesha vichwa vya boriti. Chumvi nayo inajikusanya nyuma ya lipu mpaka inaisukuma itoke.

Niliyoyaandika yanafaa pia kwa nyumba za mawe za Lamu na Mombasa, kwa sababu ukuta ni ule ule.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kugusa ukuta

Ruhusa. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na matengenezo yanaombewa kibali kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe. Lamu, ulizia kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Nenda na picha za ukuta na maelezo ya kazi unayotaka kuifanya.

Kauli moja ya warithi. Nyumba ya urithi ina wenyewe wengi, na kazi husimama katikati kwa sababu shangazi mmoja hakuulizwa. Kaeni, muandike nani anachangia nini na nani atakuwepo kila siku kumsimamia fundi. Kama nyumba ni ya wakfu na nyinyi ni wapangaji, pateni idhini kwa maandishi.

Vifaa:

- Chokaa, iwe ya tanuri au ya mfuko
- Mchanga wenye chenga, usiotoka baharini
- Vijiwe vya matumbawe na vipande vya vigae vya udongo, vya kutomea (kujazia mapengo kati ya mawe)
- Mapipa ya plastiki yenye vifuniko, ndoo za lita 20, karai
- Chekecheke la wavu mdogo
- Mwiko, kibao cha mbao cha kusugulia, timazi, ubao mrefu ulionyooka
- Nyundo ndogo na tindo (mashine ya kupasulia iache dukani)
- Brashi ngumu ya nyuzi, na brashi pana ya kupakia
- Magunia ya juti, na bomba la mkono la kurushia maji
- Glavu za mpira, miwani ya kufunika macho, barakoa
- Maji safi ya bomba au ya mvua. Maji ya kisima chenye chumvi hayafai

Kiasi cha kununua: mita moja ya mraba, kwa lipu ya unene wa milimita 20, inakula ndoo moja ya mchanga ya lita 20 na lita 7 hivi za chokaa iliyolowekwa. Kuta zetu zina mabonde, kwa hiyo ongeza theluthi. Ukuta wa mita 4 kwa 3 unataka ndoo 16 za mchanga na lita 112 hivi za chokaa, ukihesabu na ile theluthi.

## Hatua ya 1: Yafuate maji wakati wa masika

Usianze kwa nyundo. Anza Machi au Aprili, mvua inaponyesha, uzunguke nyumba nzima ukiwa na chaki. Kila penye maji au doa piga mstari, andika tarehe.

Unyevu una njia tatu, na kila moja ina dawa yake. Unaotoka chini huacha mstari kwenye ukuta, mara nyingi usawa wa goti mpaka kiuno. Unaotoka juu hushuka kama ulimi kutoka darini, na chanzo chake ni bati lililotoboka au mlizamu uliovunjika. Unaotoka ubavuni ni wa bomba la choo cha ghorofani, tangi linalofurika, au siku hizi kipira cha kiyoyozi kinachodondoshea ukutani mchana kutwa.

Wa juu na wa ubavuni uumalize kabisa kabla ya kwenda mbele. Badilisha bati, rudisha mlizamu, peleka maji ya kiyoyozi kwenye shimo. Hakuna lipu duniani itakayokaa chini ya mlizamu uliovunjika. Kwetu sisi nusu ya maradhi ya ukuta wa nyuma ilitoka kwenye bomba moja la choo. Lilikuwa linavuja pole pole, na sote tulipita mbele yake kila siku.

Wa chini hauondoki wote. Utaupunguza kwa kuondoa saruji iliyomwagwa uani hadi kwenye ukuta, na kwa kuhakikisha maji ya uani yanatiririka kwenda nje.

Utajua umefaulu pale inaponyesha mvua kubwa na alama zako za chaki zikabaki pale pale bila ya doa kutanuka.

## Hatua ya 2: Loweka chokaa mapema

Kazi hii ifanye mwezi huo huo wa masika, ili chokaa iive wakati unasubiri ukuta.

Chokaa ya mfuko imekwisha kuzimwa kiwandani, yaani imeshatiwa maji ikachemka na kupoa. Tia maji nusu pipa, mimina chokaa kidogo kidogo huku unakoroga, mpaka iwe nzito kama mtindi. Juu yake yabaki maji ya kina cha vidole vinne. Funika. Wiki mbili zinatosha, mwezi ni bora.

Chokaa ya tanuri isiyozimwa ni jambo jingine. Ikikutana na maji inachemka kwa vishindo. Tumia pipa la chuma, vaa miwani na glavu, na uitie chokaa ndani ya maji. Usiyamimine maji juu ya chokaa, itakurukia usoni. Watoto wasiwepo uani. Ikishapoa ichuje kwenye wavu kutoa vijiwe ambavyo havikuungua, kisha ihifadhi chini ya maji miezi mitatu. Vijiwe vikibaki vitakuja kuzimika ndani ya lipu na kuitoboa.

Chokaa ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 20 bila kusugua, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua.

Chokaa iliyoiva ukiikata kwa mwiko inateleza kama siagi, upande uliokatwa unang'aa, na hakuna chenga unazozisikia ukiisugua kwenye glavu kwa vidole viwili.

## Hatua ya 3: Pima boriti na nyufa

Hapa naomba usome pole pole.

Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu upana wake umefuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Vichwa vya boriti vimeingia ndani ya ukuta, na ukuta ukilowa ndivyo vinavyoanza kuoza. Chukua bisibisi, uichome kila boriti pale inapoingia ukutani. Ikigoma, boriti ni nzima. Ikizama kama kwenye muhogo wa kuchemsha, simamisha kazi, weka nguzo za kuegemeza dari, uite mtu anayejua majengo ya mawe.

Na ukuta pia uangalie. Ukiwa na ufa unaoingia kidole, au ukiwa umetokeza tumbo ukilinganisha na timazi, usiubambue. Kuta hizi zina ngozi mbili za mawe na kati yake kifusi, na mara nyingine ile lipu ya saruji ndiyo iliyobaki kushika ngozi ya nje. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba kubwa la Mji Mkongwe lililojengwa mwaka 1883, ilianguka wakati wa matengenezo na watu wawili walifariki. Nyumba zetu ni ndogo kuliko hiyo, lakini jiwe lililotoka ghorofa ya pili ni zito vile vile.

## Hatua ya 4: Bambua saruji

Subiri masika yamalizike. Juni, kipupwe kikiingia, ndio wakati.

Zima umeme wa chumba chote kwenye swichi kuu, maana nyaya za zamani zimezikwa humo humo ndani ya lipu. Anza juu, teremka chini, eneo la mita moja ya mraba kwa wakati. Tindo iilaze iteleze nyuma ya lipu, usiielekeze moja kwa moja kwenye jiwe. Mashine ya kupasulia inatikisa ukuta mzima na kuumwaga udongo kati ya mawe. Fundi aliyezoea matofali ataona unamchelewesha. Mwambie kwa adabu, lakini usikubali.

Ondoa saruji mpaka nusu mita juu ya mstari wa mwisho wa unyevu. Penye lipu ya zamani ya chokaa iliyoshika vizuri paache. Zidaka (vishubaka vya ukutani), mapambo ya plasta na fremu za milango ya kuchonga zizungushie magunia kabla ya kuanza.

Kwetu sisi saruji ilitoka ikiwa bamba zima, kubwa kama sinia. Nyuma yake chumvi ilikuwa imeota laini kama pamba, na udongo uliokuwa kati ya mawe tuliuchota kwa kijiko. Mjomba alichukua konzi moja akaiminya, na maji yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, mwezi mzima baada ya mvua ya mwisho. Toka siku hiyo hakuna aliyetaja tena saruji katika mikutano yetu.

## Hatua ya 5: Ukauke, chumvi itoke

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu ukuta ulio uchi unatia aibu wageni wakija. Vumilia. Uache wazi wiki sita kwa uchache, miezi miwili au mitatu kama unaweza. Fungua madirisha upepo wa kusi upite.

Chumvi itakuja juu kila siku chache. Ipanguse kwa brashi kavu, uikinge na gazeti, uitupe nje. Usiioshe kwa maji, itayeyuka irudi ndani. Vaa barakoa.

Ukuta uko tayari rangi yake ikishakuwa moja kutoka juu hadi karibu na sakafu, na udongo ukiukwaruza unamwagika mkavu kama machicha ya nazi. Chini kabisa, shubiri moja hivi kutoka sakafuni, patabaki na unyevu kidogo. Hapo chokaa itapamudu.

## Hatua ya 6: Kutomea

Kwangua udongo uliolegea kati ya mawe mpaka ufike ulio mgumu, isizidi kina cha vidole viwili au vitatu. Rushia maji. Kisha shindilia mchanganyiko wa chokaa moja kwa mchanga tatu, na katikati yake pachika vijiwe na vipande vya vigae kwa nyundo ndogo.

Sababu ya vijiwe ni kwamba chokaa ikikaa nene mahali pamoja inanywea na kupasuka, na ndani haigandi. Kijiwe kinapunguza unene. Ukitomea vizuri ukuta unakuwa karibu sawa, na lipu inakuwa nyembamba popote. Hii ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote, na hata vijana wa skuli waliifanya vizuri baada ya kuoneshwa mara moja.

Acha siku nne mpaka saba, ukirushia maji asubuhi na jioni. Vijiwe visitikisike ukivisukuma kwa kidole.

## Hatua ya 7: Lipu ya kwanza

Jaribu mchanga wako kabla ya kuchanganya. Utie kwenye chupa ya kioo na maji, tikisa, acha usiku mmoja. Tope likikaa juu kama tabaka nene, mchanga hauoshwi vya kutosha na lipu itapasuka. Onja pia kwa ncha ya ulimi. Ukiwa na chumvi, urudishe.

Changanya chokaa moja kwa mchanga tatu kwa ndoo, si kwa kukisia. Usikimbilie kuongeza maji, kwa sababu chokaa iliyolowekwa imebeba maji yake, na ukiipondaponda kwa jembe dakika 20 mchanganyiko unalainika wenyewe. Finyanga tonge, uliache lidondoke toka usawa wa kiuno. Likibaki tonge lenye ufa ufa, ni sawa. Likitawanyika kama uji, maji yamezidi.

Fundi atakwambia, "Tutie saruji kidogo tu, ishike haraka." Jibu ni hapana. Saruji kidogo haitoshi kuipa lipu nguvu, lakini inatosha kuharibu namna chokaa inavyoganda, na unakuwa umepata ubaya wa vyote viwili.

Rushia ukuta maji jioni, na asubuhi tena, ulowe bila kung'aa. Tupia lipu kwa mwiko kwa nguvu, iingie kwenye matundu ya matumbawe, kisha isawazishe kwa ubao mrefu. Isizidi milimita 10 hadi 12. Usiunyooshe ukuta uwe kama wa tofali; ukiyajaza mabonde yote ili kioo kikae sawa, utakuwa umerudi kwenye unene unaopasuka. Kabla haijakauka, ikwaruze mistari ya kukatana ili ya pili ipate pa kushika.

## Hatua ya 8: Lipu ya pili

Subiri siku 7 hadi 10. Bonyeza kwa ukucha: ukiacha alama tu ni sawa, ukizama bado.

Mchanga wa mara hii uchekeche uwe mwororo, chokaa moja kwa mchanga mbili na nusu. Lowesha, paka milimita 5 hadi 8. Isipoacha tena maji kwenye kiganja lakini bado inabonyea, isugue kwa kibao cha mbao kwa kuzungusha. Nyufa ndogo kama nywele zikitokea siku ya kwanza, rushia maji usugue tena, zitafunga. Usimalizie kwa mwiko wa chuma mpaka ing'ae, utakuwa umeufunga uso ambao hewa inatakiwa ipite.

## Hatua ya 9: Kuilea

Saruji inaganda kwa maji. Chokaa inaganda kwa hewa, na hewa hiyo inahitaji unyevu kidogo ili ifanye kazi. Chokaa iliyokaushwa na jua kwa siku moja inabaki unga, na mkono ukipita unatoka mweupe.

Kwa hiyo tundika magunia ya juti yaliyoloweshwa, yawe mbali kidogo na ukuta yasiuguse. Rushia maji mepesi mara mbili au tatu kwa siku, wiki nzima ya kwanza, kisha mara moja kwa siku wiki ya pili. Ukuta wa nje unaopigwa na jua la alasiri ufunike kabisa. Gawaneni zamu. Sisi tulimpa kila mmoja siku yake, na ukuta wa siku ya aliyesahau unajulikana mpaka leo.

Baada ya wiki tatu au nne gonga kwa kifundo cha kidole ukuta mzima. Mlio mzito ni mzuri. Mlio wa mtungi mtupu maana yake lipu imeachana na ukuta. Kata hapo, lowesha, paka upya.

## Hatua ya 10: Kupaka chokaa

Usipake rangi ya mafuta wala ya plastiki. Utakuwa umeweka mfuko wa nailoni juu ya kazi yote.

Chukua chokaa ya pipani, izimue kwa maji iwe kama tui la pili. Wengi wanaipaka ikiwa kama tui la kwanza, nayo ndiyo inayokuja kuchafua nguo za kila anayeegemea. Lowesha ukuta, paka nyembamba, acha siku moja, lowesha, paka tena. Mara tano kwa ndani, sita kwa nje. Ya kwanza utaona kama hujapaka kitu, lakini itakuwa nyeupe ikikauka. Koroga ndoo kila baada ya brashi chache, maana chokaa inatuama. Ukitaka rangi, tia udongo wa rangi usiozidi sehemu moja kwa kumi ya chokaa, na uchanganye wa ukuta mzima kwa mara moja, kwa kuwa rangi ile ile huipati mara ya pili.

## Baada ya masika yajayo

Weka pipa moja la chokaa chini ya maji pembeni mwa ua. Haiharibiki, miaka ikipita inazidi kuwa nzuri. Masika yakiisha pita tena na chaki. Ile shubiri ya chini itakuwa imemomonyoka kidogo na kutoa chumvi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa: lipu ya chini inaliwa badala ya mawe. Ipanguse kavu, paka upya chokaa moja kwa mchanga tatu, ilowanishe wiki moja. Kwetu kazi hiyo inachukua asubuhi ya Jumapili moja kwa mwaka, watu wawili na ndoo moja.